Maji ya Jumapili Yasiguswe

Jumatatu, 10 Machi

Nimepata kazi. Naiandika tena ili niisome: nimepata kazi. Bwawa la kuogelea, Donholm, nyumba ya wageni ya Madam Wanja, ile yenye geti la kijani na maua ya plastiki mlangoni. Bado si kazi kamili. Wiki moja ya majaribio. Lakini mtu wa aina yangu ukimpa wiki moja umempa mkataba.

Madam aliniuliza kama nimewahi kushughulika na mabwawa. Nikamwambia nimefanya Mombasa, hotelini, mabwawa matatu kwa mpigo. Si uongo kabisa. Mwaka juzi tulikwenda Mombasa harusini kwa binamu, tukakaa siku tatu, na bwawa la hoteli ya jirani nililitazama vizuri sana juu ya ukuta.

Tatizo ni moja. Maji yenyewe. Yana rangi ya uji wa wimbi. Jumamosi kulikuwa na sherehe ya watoto, na vumbi la barabara ya Outering haliombi ruhusa kuingia. Ukitia mkono mpaka kiwiko, kiganja kinapotea.

Na Jumapili hii kanisa la Mathe, mama yangu, linakuja kubatiza hapo. Watu kumi na mmoja. Mathe ni mmoja wao. Amengoja kuzamishwa miaka miwili. Mara ya kwanza bwawa walilokodi lilikauka. Mara ya pili walifika wakakuta bibi harusi anapigwa picha kando ya maji, wakarudishwa. Safari hii ameshona kanzu zote kumi na moja mwenyewe, kwa cherehani yake pale nyumbani Kaloleni. Nyeupe mpaka zinaumiza macho. Yeye ndiye aliyempigia Madam simu akamwambia ana kijana fundi wa maji. Fundi ni mimi.

Madam alisema hivi: Jumapili maji yakiwa safi, kazi ni yangu. Yakiwa hivi yalivyo, ni ya Frankline.

Frankline ni mtunza bustani. Ana cheti. Alisomea mabwawa siku tatu mahali fulani, na hicho cheti amekitia plastiki, anakibeba mfukoni kama kitambulisho. Mimi shule niliiacha kidato cha pili, kwa hiyari yangu na ya mwalimu mkuu. Tangu saa nne asubuhi Frankline ananiita Profesa. Nimemwacha. Heshima huanza taratibu.

Nikikosa kazi hii, Mathe ameshasema: Jumatatu ijayo nakwenda Tassia kwa Mjomba Seth kubeba mawe. Anajenga fleti. Amefika ghorofa ya saba. Lifti hana. Lifti ni mimi.

Jumanne, 11 Machi

Leo nimetumia akili.

Niliwaza hivi: shuka za wageni hung'aa kwa sababu ya ile dawa ya kufulia. Kama inang'arisha shuka, itashindwaje na maji? Nikaingia chumba cha kufulia, nikatoka na chupa sita. Nikamwaga zote, nikizunguka bwawa kwa hatua za kitaalamu, mkono mmoja nyuma.

Matokeo: maji hayakubadilika hata kidogo. Suruali yangu ndiyo imebadilika. Ina mabaka meupe, ukiitazama vizuri ni ramani ya Ziwa Victoria.

Frankline alikuwa kivulini anakula muhogo wa kuchoma. Akauliza kama Mombasa pia tulikuwa tunaogesha maji kwa sabuni. Nikamwambia Mombasa kuna mambo mengi ambayo mtu wa Donholm hawezi kuyaelewa. Akasema ni kweli, na kwamba hata hili hajalielewa.

Kisha akanihutubia. Eti haya maji si ya vijidudu, ni ya vumbi. Vumbi laini mno. Hata likipita kwenye lile pipa la mchanga linalochuja maji kule nyuma ya jikoni, mchanga haulikamati, linarudi bwawani kama lilivyokwenda. Nikamjibu kwamba nilikuwa nangoja tu aseme mwenyewe, nipime kama cheti chake ni halali.

Halafu nikaenda chooni nikayaandika yote kwenye kiganja.

Jumatano, 12 Machi

Kuna jamaa anaitwa Mahad, ana duka la dawa za maji pale karibu na stendi. Mpole, ndevu zimepakwa hina, miwani imening'inia kifuani. Nikamweleza hali ya mgonjwa.

Akatoa kopo. Akasema hiyo ndiyo dawa ya kuangusha vumbi. Kila chembe inaelea peke yake kwa sababu ni nyepesi, dawa inazishikanisha, zinakuwa mabonge, mabonge yanakuwa mazito, yanazama. Ndugu yake ni shabu, ile akina mama wanatia kwenye pipa la maji ya matope na baadaye wanateka juu. Nikamwambia asijichoshe, Mombasa tulikuwa tunatumia hiyo kila asubuhi kabla ya chai. Mahad akavaa miwani, akanitazama. Akavua.

Akanihesabia mambo matatu kwa vidole. La kwanza, pima kwa kikombe, usipime kwa hasira. La pili, mwaga, acha pampu ichanganye maji kidogo bila kuyapitisha kwenye mchanga, kisha izime, maji yalale mpaka asubuhi, mtu asiyaguse. La tatu, asubuhi uchafu wote utakuwa umelala sakafuni. Uuvute kwa mpira, polepole, na uutupe nje kabisa. Usiupitishe kwenye mchanga. Maji yatapungua, utaongeza mengine.

Akanitaka nirudie. La kwanza na la pili nilirudia vizuri sana. Nilipofika la tatu aliingia mteja, mrembo kiasi, nikaona si heshima kuendelea kupayuka.

Jioni nikamwaga dawa. Pampu sikuzima. Si kwamba nilisahau. Nina sababu. Madam anapenda mngurumo wa pampu. Ikinyamaza tu, anatoa kichwa dirishani kuuliza nani anafanya kazi hapa. Mtu aliye kwenye majaribio hanyamazishi pampu. Hata mchanga niliuacha ufanye kazi, nikaona usaidiane na dawa. Wawili ni bora kuliko mmoja.

Alhamisi, 13 Machi

Si wawili tena. Ni hakuna.

Asubuhi pampu ilikuwa inalia kama ng'ombe aliyekwama. Mshale wa ile saa ya presha umesimama kwenye nyekundu. Maji yaliyokuwa yanarudi bwawani kwa kishindo, leo yanadondoka kama pua ya mtoto. Frankline akafungua pipa, akachota mchanga, akaniletea mkononi. Ulikuwa mrenda. Mrenda kabisa, unavutika, umebaki ugali tu.

Akaniuliza kama nilizima pampu. Nikamwambia pampu ni suala la mitazamo.

Ilimchukua mchana mzima kuuosha, akiyapitisha maji kinyumenyume, huku akifanya mambo yake kwa mikogo ya daktari wa upasuaji. Madam alisimama akimtazama. Akamwambia ana mikono. Mimi pia nina mikono, nilikuwa nimeshika ndoo yake, lakini hakuna aliyeitaja. Kwangu aliuliza swali moja tu: kama Mombasa bado ipo tangu niondoke.

Kibaya zaidi, maji ya bwawa ni yale yale. Uji.

Nyumbani Kaloleni nilikuta kanzu zote kumi na moja zimetundikwa kwenye kamba sebuleni. Nimekula ugali katikati yake kama mgeni wa malaika. Mathe alikuwa anapiga pindo la mwisho. Akauliza maji yanaendeleaje. Nikasema yanaendelea. Akakata uzi kwa meno, akasema:

"Phares, wuoda, mwanangu, mimi sitaki mambo makubwa. Nataka tu nikiingia pale nivione vidole vyangu vya miguu. Nijue nimesimama wapi."

Nikaosha sahani yangu bila kuambiwa. Pengine ni sukuma wiki.

Jumamosi lazima yawe safi. Lazima.

Ijumaa, 14 Machi

Leo nimefuata maagizo. Naliandika hili kwa sababu huenda lisitokee tena.

Nimepima kwa kikombe. Nimemwaga polepole. Frankline akageuza mpini wa pipa ili maji yasipite kwenye mchanga, maana Madam amenikataza kuugusa. Nikamwambia asante kwa sauti ambayo mtu hawezi kuithibitisha. Pampu ikachanganya kwa saa moja. Nikaizima.

Kichwa cha Madam dirishani. Nani anafanya kazi hapa?

Nikamwambia maji yamelala. Akasema hajaajiri mtu wa kumlazia maji, wageni wanalala, yeye analala, watchman analala, sasa na maji pia. Nikamweleza mambo ya chembe na mabonge, nikaongeza maneno mawili ya Kiingereza yaliyokuwa kwenye kopo. Moja nadhani lilikuwa jina la mji wa kiwanda. Akatulia. Akasema asubuhi ataamua.

Nikaandika kwenye katoni, MAJI YAMELALA USIGUSE, nikaisimamisha kwenye ngazi. Mchana wote nikakaa kitini kulinda. Nilifukuza paka. Nilimfukuza mgeni wa chumba namba tatu aliyekuja na taulo, nikamwambia bwawa liko kwenye matibabu. Frankline alipita akipiga mluzi, nikamwomba apunguze. Akauliza kama mluzi pia unatikisa maji. Nikasema wake, ndiyo.

Jumamosi, 15 Machi

Ewe shajara, hukuona. Ungekuwa na macho ungelia.

Maji yamekuwa kioo. Nilifika saa moja asubuhi, nikadhani wameyamwaga. Nikadondosha jani ndipo nikajua yapo. Madam akaja na kandambili, akaweka mkono mdomoni. Akasema, "Phares. Kumbe."

Hilo kumbe nimelisikia kwa masikio yote mawili. Nikamtafuta Frankline nimringie nalo. Alikuwa anafyeka majani, hakuinua kichwa.

Kisha Madam akauliza mbona sakafu ya bwawa ni ya buluu na leo imekuwa ya kijivu. Nikamwambia ni kivuli cha mawingu. Mbinguni hakukuwa na wingu hata la dawa. Akatazama juu, akatazama chini, simu yake ikalia. Nina bahati.

Maana ukweli ni huo. Uchafu wote uko chini. Umetandazwa kama blanketi, laini, unene wa kidole, kuanzia ngazi mpaka kina kirefu. Jambo la tatu la Mahad.

Nikafunga mpira, Frankline akageuza mpini, nikaanza kuvuta. Uchafu ukatoka, maji ya kahawia yakaanza kumiminika kwenye mtaro nje ya geti. Raha tupu. Dakika tano hivi. Kisha nikasikia mtu ananiita.

Mama mmoja anaitwa Wangu, anauza mboga kibandani ng'ambo ya geti. Amesimama mtaroni na beseni. Nyuma yake wengine wanne, na mitungi. Mifereji ya mtaa haijatoa maji tangu Jumanne. Wangu alikuwa anatazama yale maji yanavyokimbia, halafu ananitazama mimi, kama mtu anayemwona mwenzake akimwaga maziwa ya mtoto.

"Kijana, unatoka wapi wewe?"

Nikasema Kaloleni.

"Na huko hakuna mama?"

Mimi nimelelewa kwa mtungi wa lita ishirini. Kwetu maji yaliyoosha mboga yanaosha sufuria, yaliyoosha sufuria yanapiga deki, yaliyopiga deki yanakwenda chooni, na hata hapo Mathe anasimama kuhakikisha yamekwenda kwa kazi. Nikiwa darasa la tano nilipiga mtungi teke ukamwagika nusu. Wiki nzima nilioga kwa kitambaa chenye unyevu. Sasa mimi huyo huyo nimesimama nafungulia bwawa mtaroni mbele ya watu.

Mkono ulizima pampu wenyewe. Naapa sikuutuma.

Nilikuwa nimesafisha kipande kidogo tu chini ya ngazi, kama mlango mmoja hivi. Sehemu iliyobaki imelala pale pale. Nikampigia Mahad, nikamuuliza, kwa mfano tu, uchafu ukiachwa chini kuna ubaya gani. Akasema hakuna, mradi mtu asiingie. Nikauliza, na wakiingia kumi na mmoja? Akauliza kumi na mmoja nini. Nikakata simu.

Halafu nikakaa chini nikafikiri. Tatizo ni uchafu? Hapana. Uchafu umelala, haumsumbui mtu. Tatizo ni miguu.

Alasiri nikamwendea Pasta Nalianya, alikuwa ukumbini Kaloleni anafundisha kwaya. Ni mtu mkubwa, ukikaa nyuma yake kanisani huoni mimbari wala madirisha. Nikamshauri abatize kutoka ukingoni, kwa jagi. Akasema kanisa la jagi walishalihama, kwao mtu anaingia mzima na kutoka mzima. Nikamshauri basi asimame juu ya kreti ya soda. Akasema yeye si mhubiri wa sokoni. Nikamshauri watu watembee ndani ya maji polepole sana, kama wamebeba mtoto aliyelala. Hilo alilipenda. Akasema ni roho ya unyenyekevu, akauliza kama nimewahi kufikiria utumishi.

Mwisho nikaomba Mathe awe wa kwanza kuingia, kwa heshima ya kanzu. Akakubali. Akanishika kichwa, akaniita mtoto mwema.

Hesabu yangu ni hii. Wa kwanza anakuta maji bado ni kioo, anashuka ngazi, miguu yake iko kwenye kile kipande changu safi, anaviona vidole vyote kumi. Basi. Wa pili na kuendelea, kila mtu na bahati yake.

Niliporudi kazini jioni Frankline alikuwa amesimama kando ya bwawa, mikono nyuma. Alitazama chini muda mrefu. Kisha akasema Jumapili atakuja mapema, ataweka kiti chake mbele kabisa.

Sijui kwa nini. Hata si muumini wa kanisa hilo.

Jumapili, 16 Machi

Saa tatu kamili walifika, wakiimba, ngoma mbili na kayamba. Kanzu kumi na moja mstari mmoja. Maji kioo. Wazee wa kanisa wakainama wakatazama wakasema ajabu. Madam alikuwa amevaa kitenge kipya na kunielekeza kwa watu kwa kidole: huyu ndiye. Nilivaa shati la kola. Frankline alikuwa kitini, mbele kabisa, na mfuko wa njugu.

Pasta akaomba. Akamwita Mathe. Mathe akasogea, akavua viatu, akanitazama. Nilimkonyeza.

Na hapo ndipo ilipojulikana kwamba kuna mtu sikumtia kwenye hesabu.

Anayebatiza huingia kabla ya anayebatizwa.

Tena si yeye peke yake. Wazee wawili wa kumsaidia kushika watu, mmoja kila upande. Miguu sita, na mwenye miwili kati ya hiyo ni Nalianya. Alishuka polepole kama nilivyomshauri. Akafika chini, akapita kipande changu safi bila hata kukitazama, akaendelea kwenda mbele mpaka maji yakamfika kifuani. Kila hatua ilitoa wingu. Ukishawahi kuona chai ya maziwa inavyopanda kwenye sufuria kabla haijafurika, ndivyo. Wingu la kwanza likafika magotini. La pili kiunoni. Alipogeuka kututazama alikuwa kichwa na mabega juu ya uji wa wimbi.

Kwaya ikanyamaza. Ngoma moja iliendelea kidogo, ikajiona iko peke yake, ikaacha.

Pasta akainama akatafuta miguu yake. Kisha akauliza, kwa upole sana, Ndugu Phares, sakafu iko wapi.

Nilisema iko. Ndiyo jibu lililokuja.

Madam alinigeukia na lile kumbe lingine. Kuna kumbe mawili, nimejifunza, na hili la pili halina sauti. Wazee walianza kusema pengine wiki ijayo, pengine mwezi ujao bwawa jingine. Wenye kanzu wakaanza kurudi nyuma. Frankline alikuwa ameacha kutafuna.

Ila Mathe hakurudi nyuma. Alikuwa tayari kwenye ngazi ya kwanza. Alitazama chini, mahali ambapo vidole vyake vilipaswa kuwa, hakuona kitu. Akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kibandani kwa Wangu:

"Pasta, mimi nimengoja miaka miwili. Batiza."

Akashuka. Akazama. Akainuka.

Kanzu ilikuwa ya rangi ya kakao. Nywele, kakao. Alisimama pale maji yakimtiririka, akijifuta macho, na uso wake, sijui niandikeje, ulikuwa unacheka wenyewe. Ngoma zikarudi zote mbili. Basi wale wengine wakaona aibu, wakaingia mmoja mmoja, kila aliyeingia mweupe akatoka wa kahawia, na kila mmoja alivyozidi kutembea ndivyo wa nyuma yake alivyozidi kukolea. Wa kumi na moja, babu mmoja, alitoka hajulikani wapi kanzu imeishia na wapi yeye ameanzia. Pasta akawaambia waumini kwamba hata Yordani haikuwa na vigae. Watu wakasema amina. Wengine walisema amina wakinitazama mimi.

Mathe alinijia akiwa bado anadondoka. Akanishika shavu kwa kiganja cha tope. Akasema dhambi zake zimeisha, sasa tuzungumzie zangu.

Jumatatu, 17 Machi

Frankline ameajiriwa.

Amevuta uchafu wote leo kwa saa tatu. Na maji machafu hakuyamwaga mtaroni. Aliwaita Wangu na wenzake kwanza, wakapanga mitungi getini, mpira ukajaza mmoja baada ya mwingine, maji ya deki na vyoo kwa ploti tatu. Hakuna aliyemuuliza kama kwao kuna mama. Wangu alimpa fungu la sukuma wiki. Madam alimpa mpini rasmi.

Ni wazo ambalo mimi pia ningelipata. Nilikuwa nimelipangia Jumatano.

Mathe alikuja kuniombea. Yeye na Madam walizungumza jikoni karibu saa nzima, nami nikasikiliza kutoka nyuma ya pipa la mchanga, mahali pazuri sana pa kusikilizia. Madam alisema hataki kuniona. Mathe akasema hata yeye kuna siku hataki kuniona, lakini nipo. Wakacheka. Kicheko cha akina mama wawili kuhusu mtu kinauma kuliko kofi.

Makubaliano: Jumamosi kanisa linarudi kupiga picha ya wabatizwa, kando ya maji safi, na picha hiyo itatundikwa mapokezi kwa Madam, ukubwa wa dirisha. Kanzu ziwe nyeupe. Nitazifua mimi, kwa mikono yangu, zote. Jumatano jioni Mathe atazikagua. Zikiwa nyeupe kama zilivyokuwa, narudi kazini kama msaidizi wa Frankline. Zisipokuwa, Alhamisi asubuhi Mjomba Seth ananingoja Tassia. Amefika ghorofa ya nane.

Frankline alinipa mkono. Akasema karibu kazini, Profesa, ukifanikiwa. Nadhani alimaanisha. Hiyo ndiyo inaudhi.

Jumanne, 18 Machi

Nimeamka na ari. Kanzu kumi na moja, sabuni mche mmoja, na pipa moja la maji, kwa sababu mfereji wa Kaloleni leo umetoa hewa peke yake. Mathe ameondoka kupeleka nguo za wateja. Akasema kwaheri na maneno mawili: tumia akili. Sikuhitaji kuambiwa.

Kanzu ya kwanza ilikuwa ya babu. Niliizamisha, nikaisugua, nikaisuuza. Pipa zima likawa chai. Kanzu moja tu, na maji yamekwisha kazi. Zimebaki kumi.

Mtu wa kawaida hapo angekaa chini akalia. Angeyamwaga, aende akapange foleni ya mitungi mpaka jua lizame. Mimi siwezi kumwaga maji. Nimeshaeleza.

Ndipo nikakumbuka. Chini ya kitanda changu. Kopo la Mahad, nusu bado imo.

Hebu tazama jinsi mambo yanavyojipanga mtu akitulia. Kosa langu la Jumatano lilikuwa pampu. Hapa hakuna pampu. Kosa la Jumapili lilikuwa miguu ya Pasta. Hapa hakuna Pasta. Pipa, maji, dawa, basi. Nikatumbukiza kanzu zote humo humo, ile ya Mathe kwanza ikae chini kabisa mahali salama, nikamimina dawa vikombe viwili, maana nguo ni nzito. Nikakoroga kidogo. Nikaacha yalale. Nikaandika kwenye katoni, MAJI YAMELALA USIGUSE, nikaisimamisha mlangoni.

Sasa ni saa kumi na moja jioni. Nimekaa na kiti changu kando ya pipa. Mtoto wa jirani alitaka kuchungulia nikamfukuza. Uchafu umeondoka wote. Maji yamekuwa kioo mpaka unaweza kunywa, na sikumwaga hata tone. Namwona Madam akiitundika ile picha. Namwona Frankline akiniomba nimfundishe.

Kanzu zinaonekana chini kule, zimetulia, zimelaliana vizuri. Ukizitazama kutoka juu utadhani zina rangi ya kijivu kidogo.

Ni kivuli cha mawingu.